Asilimia

Swali la kumi na nne: *Je, mwombaji anaweza kupanda ngazi?*

Tujibuje, Masalu, wewe uliyeshika kalamu
kwa kuwa vidole vyangu leo vimegoma?
Tukisema hapana, watauliza ninalala wapi,
maana nyumba yetu ipo Bugarika, juu ya majabali,
na tangu enzi za babu yako hakuna aliyefika mlangoni
bila kupanda.
Tukisema ndiyo, fomu imeishia hapo.

Andika: anapanda. Kisha anakaa
kwenye jiwe la Mama Nyanjige, lile la kuanikia dagaa,
anajifanya anamsubiri mtu.

Miaka kumi na mmoja nilisimama kwenye meza ya bati,
buti za mpira, maji ya barafu kwenye vifundo,
sangara baada ya sangara, kisu kikifuata uti wa mgongo
kama mtu anayefuata njia ya kwao gizani.
Msimamizi alikuwa akisema, mpeni Minza apapase.
Mwiba uliojificha ndani ya mnofu
vidole hivi viliuona kabla ya taa.
Minofu ikapanda ndege, safi, haina mfupa.
Mapanki tukagawana sisi.

Juzi Bugando nikapapaswa mimi.
"Panauma hapa?" Panauma. "Na hapa?" Na hapo.
Daktari akainua picha dirishani
nami nikaliona ziwa kupitia mbavu zangu,
na kivuko kikipita taratibu, kidogo, chini ya kiuno,
kimejaa watu wanaokwenda zao.
"Picha ni safi," akasema kwa upole,
kama anayenipa pole na hongera kwa mkupuo mmoja.

Ofisi ya fidia ipo ghorofa ya tatu.
Lifti imebandikwa karatasi, karatasi yenyewe imechakaa.
Bwana Rwezaula alinitazama miguu:
"Umepanda mwenyewe?"
Nikasema ndiyo, tena kwa fahari, mjinga mimi,
pumzi bado inanisuta,
naye akaandika neno fupi.
Sikumchukia. Kwenye kiti chake palikuwa na mto wa kufumwa,
na alipoinuka kufuata faili
alishika meza kwanza.

Kwenye benchi nilikaa na Maduhu wa kiwanda cha mbao.
Vidole viwili msumeno ulichukua.
Alinionesha mkono kama mtu anayeonesha cheti.
"Bora wewe," nikamwambia, "chako kinahesabika,"
na papo hapo nikaona haya.
Akacheka. "Dada, hivi vilivyobaki havina neno.
Vile visivyokuwepo ndivyo vinavyoniuma usiku.
Hilo hawakuniuliza."

Swali la kumi na tano: *Kiwango cha maumivu, sifuri hadi kumi.*

"Mama, niandike ngapi?"

Sifuri siikumbuki vizuri. Labda mwaka ule ulipozaliwa,
baada ya wewe kutoka.
Nikifagia, sita. Nikiinama kwenye beseni, nane.
Mvua ikianza kujikusanya upande wa Ukerewe
mimi huijua kabla ya kunguru,
na majirani huniuliza kama waanue nguo.
Jana usiku, ulipokuwa umelala,
nilijifunga kanga kiunoni, nikaikaza mpaka ikalia.
Ile haina namba.
Ilikuwa na jina lako tu, na sikuliita.

Masalu ameinamisha kichwa. Ameandika kitu,
amekiziba kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani.
Sikuomba kusoma.

Mwisho wa ukurasa wanataka sahihi au dole gumba.
Nikalichovya kwenye wino, nikalibonyeza kwa uzito wangu wote.
Likatoka doa la bluu, duara tupu, halina mstari hata mmoja;
barafu na kisu vilishafuta kila kitu.

Akapuliza. Akalisogeza karibu na koroboi.
"Mama, bonyeza tena, haijatokea."

Imetokea, mwanangu. Ndiyo hiyo.